Utumbo unapovimba: mishipa inayoota na mitaro inayoziba

Maswali haya niliulizwa barazani Langoni, Lamu, baada ya Alasiri. Aliyeuliza ni mama ambaye kijana wake ameambiwa ana ugonjwa wa Crohn. Jirani zake nao hawakukaa kimya.

*Mwanangu anahara damu tangu Maulidi. Dawa ya amiba kameza mara tatu. Sasa naambiwa utumbo umeota mishipa mipya ya damu. Ni saratani?*

Hapana, Bi. Ni uvimbe wa kudumu: kinga ya mwili imeugeukia utumbo na haitaki kutulia. Kuna Crohn, inayoweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na kuna kolaitisi ya vidonda, inayokaa utumbo mpana. Uvimbe ukidumu miaka mingi kwenye utumbo mpana huongeza hatari ya saratani, ndiyo maana wagonjwa hupimwa mara kwa mara. Lakini mishipa hiyo si saratani.

*Kwani mishipa mipya si heri? Damu ikifika, kidonda hupona.*

Ukijikata kisu jikoni, ndivyo. Mishipa huota, kidonda kikafunga, mingi ikanywea. Utumboni amri ya kuota haikomi. Nyama iliyovimba hukosa oksijeni, basi hutoa protini iitwayo VEGF-A inayoita mishipa. Inayoota ni michanga, kuta zake zinavuja, na chembe nyeupe za damu hupitia humo kwenda kuzidisha uvimbe. Ni kama kupanua kichochoro ili punda walete maji ya kuzima moto, kumbe kila punda kabeba kuni.

*Na limfu? Ndiyo ile ya matende?*

Ndiyo hiyo hiyo: maji yanayovuja kutoka damuni, yenye mishipa yake ya kuyarudisha. Kwenye matende, minyoo iliyoletwa na mbu hukaa ndani ya mishipa ya limfu, maji yakakosa njia, mguu ukajaa. Utumboni mishipa hii huondoa maji na chembe za kinga kuzipeleka kwenye matezi, tena hubeba mafuta ya chakula. Saa chache baada ya wali wa samli, limfu ya utumbo huwa nyeupe kama tui. Mtaliano Gaspare Aselli aliiona mistari hiyo mieupe tumboni mwa mbwa aliyeshiba, mwaka 1622.

Tazama mtaro uliopita hapa mbele ya baraza. Ukijaa takataka, hata uchimbe vijitaro kumi pembeni, maji yatasimama mlangoni. Crohn hufanya vivyo hivyo: mishipa ya limfu huongezeka, lakini mingi imetanuka au imeziba, haisukumi kitu.

*Basi si wapewe dawa ya kuizuia yote?*

Hapo ndipo pagumu. Kwa panya, kuzuia VEGF-A kulipunguza uvimbe, lakini kuzuia mishipa ya limfu kuliuzidisha. Kuongeza VEGF-C, inayoikuza hiyo ya limfu, kukaupunguza. Panya si mtu, lakini. Na dawa za saratani zinazozuia mishipa ya damu zinaweza kutoboa utumbo, kwa hiyo hazitumiki hapa.

Zinazotumika hutuliza kinga yenyewe. Infliximabu imeruhusiwa kwa Crohn tangu 1998, kwanza Marekani. Vedolizumabu, ya 2014, mimi huipenda kwa ujanja wake: inazinyima chembe nyeupe kamba ya kufungia kwenye ukuta wa mshipa wa utumbo, zikapita kama mashua iliyokosa gati.

*Nifanye nini mimi?*

Usimnunulie dawa ya amiba mara ya nne bila choo kupimwa. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi za maumivu, ziache dukani, huchokoza utumbo. Kabla ya infliximabu lazima apimwe kifua kikuu: cha utumbo hufanana mno na Crohn, na kile kilicholala mwilini dawa hii inaweza kukiamsha.

Tena, mguu wake mmoja ukivimba ghafla na kuuma, msiseme ni matende. Ugonjwa huu hugandisha damu mishipani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi.