Waliotengeneza Filamu Bubu Bila Kutajwa

Wengi wanaosimulia historia ya sinema ya Marekani huamini kwamba katika enzi ya filamu bubu kazi ya wanawake ilikuwa kuigiza tu. Imani hiyo haina msingi. Alice Guy, aliyekuwa karani wa Léon Gaumont, mwenye kampuni ya kamera na filamu jijini Paris, alianza kuongoza filamu mwaka 1896, na baada ya kuhamia Marekani alianzisha kampuni yake, Solax, mwaka 1910. Katika studio yake ya Fort Lee, New Jersey, alitundika bango kubwa lililowataka waigizaji waigize kwa uhalisia, agizo zito katika siku ambazo uigizaji ulikuwa kurusha mikono na kukodoa macho. Lois Weber naye, kufikia mwaka 1916, alikuwa miongoni mwa waongozaji wa studio ya Universal walioheshimika na kulipwa vizuri zaidi.

Husemwa pia, hata na watu wenye nia njema, kwamba Wamarekani Weusi walianza kutengeneza filamu ili kuijibu tu filamu ya mwongozaji Mweupe D. W. Griffith, *The Birth of a Nation*, ya mwaka 1915, iliyolitukuza Ku Klux Klan, kundi la Weupe lililowashambulia Weusi. Majibu yalitolewa, tena makali, lakini William Foster alikwisha kutengeneza vichekesho vyake huko Chicago kufikia mwaka 1913. Wala hawakuwa wanaume peke yao: mjini Kansas City, Tressie Souders alitoa filamu yake mwaka 1922, na Maria P. Williams akafuata mwaka 1923.

Dhana iliyo mbaya kuliko zote ni kwamba kazi hizo zilipotea kwa kukosa ubora. Takribani asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea, zikiwemo za studio kubwa, kwa kuwa mikanda ya naitreti, aina ya plastiki iliyotumika kutengenezea filamu siku hizo, huoza na kuwaka moto upesi, na filamu zenye sauti zilipoingia, wenye mikanda hiyo hawakuona faida ya kuitunza. Watengenezaji huru waliumia zaidi, maana nakala zao zilikuwa chache na zilizungushwa ukumbi hadi ukumbi mpaka zikachakaa.

Oscar Micheaux, mtengenezaji filamu Mweusi, alipotaka kuonyesha filamu yake *Within Our Gates* mjini Chicago mwaka 1920, miezi michache baada ya ghasia za kibaguzi za mwaka 1919, wadhibiti wa filamu waliipinga kwa sababu ya tukio la Weusi kuuawa na kundi la Weupe. Nakala pekee inayojulikana ilipatikana Hispania, ikiitwa *La Negra*, na karibu maandishi yake yote, yaani maneno yanayoonyeshwa kwenye skrini badala ya sauti, yakiwa ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoikarabati, ikamaliza mwaka 1993, ililazimika kuyarudisha katika Kiingereza. Kwa hiyo anayemlaumu Micheaux leo kwa ulegevu wa maneno yaliyomo katika filamu hiyo huenda anamlaumu mfasiri.