Je, wajua kwa nini wati si kipimo cha mwanga?

Ukienda kununua balbu Mwanjelwa, Mbeya, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Ya wati ngapi?" Utajibu kwa wati, maana ndivyo tulivyozoea tangu enzi za balbu za waya. Lakini wati inaeleza jinsi balbu inavyokula umeme. Mwanga unaotoka ni habari nyingine, nao hupimwa kwa lumeni. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Muuzaji akikwambia "hii ya tisa ni sawa na sitini", hajakudanganya. Analinganisha mwanga kwa kutumia hesabu ya umeme, basi. Kwenye boksi, tafuta herufi "lm", kifupi cha lumeni.

Hata joto tukiliweka kando, wati bado haitoshi. Wengi hudhani kwamba ukijumlisha nishati ya rangi zote zinazoonekana, umepata mwangaza. Hapana, kwa sababu jicho halizithamini rangi zote sawa.

Chukua mkulima wa Rungwe aliyepeleka parachichi kwa mnunuzi. Mizani inasoma kilo mia, lakini halipwi kwa kilo tu. Mzigo unachambuliwa: daraja la kwanza lina bei yake, la pili bei yake, na yaliyooza yanakataliwa. Kilo za kila daraja huzidishwa kwa bei ya daraja hilo, kisha fedha zinajumlishwa. Wakulima wawili wenye kilo sawa wanaweza kuondoka na malipo tofauti kabisa. Kwenye mwanga, wati ndizo kilo, rangi ndiyo daraja, na mpanga bei ni jicho. Bei ya juu kabisa huenda kwa kijani kinachoelekea manjano, chenye urefu wa wimbi wa nanomita 555: wati moja yake hulipwa lumeni 683. Wati moja ya nyekundu ya nanomita 650 hupata 73 tu, na ya bluu ya nanomita 450 hupata 26. Joto la balbu ya waya, ambalo jicho halilioni, hukataliwa lote.

Orodha hiyo ya bei ilipitishwa mwaka 1924 na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, baada ya watu kukaa maabara wakilinganisha mwanga wa rangi mbalimbali. Ni wastani wa macho yao, kwa hiyo huenda lako likatofautiana kidogo. Isitoshe, baadaye ilibainika kuwa bluu ilipunjwa. Marekebisho yalipendekezwa mwaka 1951, lakini vipimo rasmi vinaendelea kutumia orodha ya zamani. Mwaka 1979 kandela, kipimo mama cha lumeni, ilifungwa kwenye namba hiyo ya 683. Kati ya vipimo saba vya msingi vya kimataifa, ni hicho pekee kilichobeba jicho la binadamu ndani yake, na kwangu hilo ni ajabu kubwa.

Nishati ya mwanga kwa bei hizo za jicho hupatikana kwa kuzidisha lumeni kwa muda. LED ya lumeni 800 ikiwaka saa nzima imetoa lumeni-sekunde 2,880,000. Ili kupima lumeni, maabara huweka taa ndani ya tufe lililopakwa rangi nyeupe, mwanga ukadunda pande zote, na sensa yenye kichujio kinachoiga jicho ikausoma.

Orodha hiyo ni ya mchana. Giza likianza kuingia, seli nyingine za jicho hushika kazi na kilele kinahamia nanomita 507, karibu na bluu. Ndiyo maana jioni ua jekundu huonekana jeusi wakati majani yake bado yana nuru. Mimea nayo haina habari na bei zetu: inatumia sana nyekundu na bluu, zile zile tunazozilipa kidogo. Anayewasha taa kwenye kitalu cha miche akichagua kwa lumeni atapotea. Hapo huhesabiwa fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotua kwenye kila mita ya mraba kwa sekunde.