Kitu na klasi katika programu za fizikia

Chukua mzigo wa kilo 1 uliofungwa kwenye springi yenye ugumu wa nyutoni 4 kwa mita. Uvute sentimita 10 kisha uuachie: utakwenda na kurudi. Anayeanza kuandika programu ya kuigiza mwendo huo huweka vigeu vinne, yaani masi, ugumu, mahali na kasi, halafu chini yake huweka kitanzi cha hesabu kinachovisogeza hatua kwa hatua. Programu inakubali. Tatizo huja siku anapotaka mizigo 2, na kesho yake 50. Majina ya vigeu yanagongana, na mstari mmoja uliojificha mbali unabadilisha masi bila mtu kujua.

Uandishi wa programu kwa vitu ulikuja kutibu vurugu hiyo. Kitu, kwa lugha ya waandishi wa programu, ni data iliyofungwa pamoja na kazi zinazoruhusiwa kuigusa. Data ndiyo hali: uko wapi, una kasi gani. Kazi ni maswali na amri: una nishati kiasi gani? Kani inayokuvuta sasa ni ipi? Klasi nayo ni kielelezo ambacho vitu vyote vya aina moja hutengenezwa kwacho. Unaandika klasi ya Mzigo mara moja, kisha unatengeneza mizigo 50, kila mmoja na masi yake na springi yake.

Mwanafizikia hana haja ya kushawishiwa sana hapa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kufikiri tangu mwanzo: mfumo una hali, na ipo sheria inayosema hali hiyo itabadilikaje. Tena wazo lenyewe lilizaliwa kwenye uigaji. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa Oslo nchini Norwei, walitaka lugha ya kuigizia mifumo, na kazi yao ikazaa Simula 67. Bjarne Stroustrup alichukua klasi kutoka huko alipoanza mwaka 1979 kuiongezea lugha ya C uwezo mpya, na hatimaye ikawa C++. Leo Geant4, programu inayotumika CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, kuigiza safari ya chembe ndani ya mata, imeandikwa kwa C++.

Turudi kwenye mzigo wetu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Tuseme unausogeza kwa mbinu ya Euler: mahali papya ni mahali pa sasa ukijumlisha kasi mara muda, na kasi mpya ni kasi ya sasa ukijumlisha kani gawa kwa masi, mara muda. Kwa hatua ya sekunde 0.1, nishati ya mzigo huu hupanda asilimia 4 kila hatua. Ilianza ikiwa juli 0.02, ikifika hatua ya 18 imeshazidi maradufu, na hakuna aliyeusukuma. Kosa liko kwenye mbinu, wala si kwenye springi.

Kama mbinu hiyo umeifuma ndani ya kitanzi kikuu, kuitoa ni kufumua nguo nzima. Lakini kama umeifanya kitu kinachojitegemea, tukiite Msogezaji, chenye amri moja tu ya kusogeza, unaandika Msogezaji mwingine kwa mbinu ambayo Loup Verlet aliitumia kuigiza molekuli mwaka 1967, unamweka pale alipokuwa wa kwanza, basi. Nishati sasa inacheza kidogo kuizunguka thamani yake bila kupaa. Klasi ya Mzigo haikuguswa hata herufi moja. Kubadilishana huku huitwa polimofizimu, na kwangu mimi ndiyo sababu kubwa ya mwanafizikia kujifunza vitu na klasi.

Urithi, yaani klasi kuzaa klasi, husifiwa sana kwenye masomo ya mwanzo. Mimi huutumia kwa uchache. Elektroni na protoni zikitofautiana kwa masi na chaji peke yake ndani ya programu yako, hizo ni namba mbili, na namba hazidai klasi mpya.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Ukiigiza gesi yenye molekuli milioni 1, moyo hukutuma kuifanya kila molekuli kuwa kitu. Usikubali. Kwenye lugha ya programu ya Python vitu hivyo hutawanyika kwenye kumbukumbu, na kila swali unalokiuliza kimoja lina gharama yake. Prosesa huvuta kumbukumbu kwa vipande, mara nyingi vya baiti 64, vinavyotosha namba 8 za desimali zenye usahihi maradufu. Namba zikipangwa mfululizo, kila kipande kinachovutwa kina kazi. Zikitawanyika, sehemu kubwa ya kipande huvutwa bila kutumika. Kwa hiyo kitu kiwe ni gesi nzima: klasi ya Gesi inayoshika safu moja ya mahali, safu moja ya kasi na safu moja ya masi, kwa molekuli zote.

Na kama Gesi inajibu maswali yale yale aliyokuwa akijibu Mzigo, kani ni ipi na masi ni ipi, Msogezaji wa Verlet uliyemwandikia springi moja ataisogeza gesi yote kama alivyo, kwa sababu NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu kwa safu za namba, hujumlisha safu kwa alama ile ile inayojumlisha namba mbili.