Usiweke kitu kwenye kidonda! Majibu ya maswali mnayoniuliza

Mimi ni nesi, niko zahanati huku Rungwe, na wiki haiishi bila kuletewa mtu aliyejikata na panga au jembe siku nne zilizopita, kidonda kimejaa majivu, ukimuuliza anasema nesi nilikuwa natibu nyumbani kwanza. Inaniuma sana, ndo maana nimeandika.

Nikijikata, mwili wenyewe unafanya nini?
Damu inaganda kuziba, halafu chembe nyeupe, askari wa mwili, zinakimbilia pale kula vijidudu na nyama iliyokufa. Ndo maana siku mbili tatu za mwanzo panakuwa pekundu, panavimba kidogo, pana joto na panauma. Baada ya hapo inaota nyama changa nyekundu, ngozi inajivuta kutoka pembeni, linabaki kovu ambalo linaendelea kukomaa hata mwaka mzima.

Majivu yana shida gani, si wazee wetu walipona nayo?
Waliopona ndo tunaowasikia jamani. Majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa, dawa ya meno, unga wa vidonge vya rangi mbili, usiweke. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na vinapenda jeraha lililoingia ndani sana lisilopata hewa, sasa wewe ukijaza mavi ukakaza na kitambaa umevipandia shamba kwa mkono wako. Dalili zinakuja kati ya siku 3 na 21, wengine jeraha walishalisahau, mtu anashindwa kufungua mdomo, shingo inakaza, mwili unajipinda kama upinde, na hapo ndugu wanampeleka kwa mganga wanasema karogwa. Hajarogwa! Mleteni hospitali saa hiyohiyo.

Na mafuta ya taa si yanaua vijidudu?
Yanaunguza nyama changa ambayo mwili umehangaika kuiotesha. Usiweke. Na spiriti ndani ya kidonda usimwage.

Usaha ukitoka si ndo uchafu unaisha?
Hapana. Usaha ni askari waliokufa pamoja na vijidudu, maana yake vita bado vipo na pengine mnashindwa. Ukiona usaha, harufu, wekundu unasambaa au homa, njoo leo, usisubiri kiive.

Mwanangu ana mtoki, nimkande?
Usikande mama. Mtoki ni tezi za kinga pale kwenye nyonga zimevimba kwa sababu zinapambana na kitu, mara nyingi kidonda cha mguuni, kwahiyo mwangalie unyayo na katikati ya vidole, utakuta mchubuko au mwiba hukuujua. Tunatibu kidonda, mtoki unashuka wenyewe.

Baba ana kisukari, kidonda hakiponi mwezi wa pili sasa.
Hili ndo linalonikosesha usingizi. Sukari ikiwa juu askari wale wanakuwa wavivu, damu haifiki vizuri miguuni, na mishipa ya fahamu inakufa ganzi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mnaijua, wazee wanaweka miguu karibu na jiko la mkaa wapate joto, mwenye kisukari hasikii kama anaungua, anakuja kushtuka ngozi imeshatoka. Halafu anakaa nayo nyumbani kwa sababu haiumi. Kutouma ndo hatari yenyewe! Avae soksi, akae mbali na moto, akaguliwe miguu kila jioni, na kidonda chochote hata cha ukubwa wa punje ya mahindi aje siku hiyohiyo. Wanaochelewa ndo wale tunaowapa rufaa na huko wanakatwa mguu.

Nisile mayai na maharage mpaka nipone?
Kula, tena kwa wingi. Nyama mpya inajengwa na vyakula hivyohivyo mnavyomnyima mgonjwa.

Zahanati ni mbali na ni usiku, nifanyeje?
Kama damu inatoka sana, kandamiza na kitambaa safi kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia chungulia, ikigoma endelea kukandamiza na mtafute usafiri usiku huohuo. Ikikata, osha na maji safi yanayotiririka, sabuni ipite pembeni, funika na kitambaa safi kikavu. Kama ni moto au uji umemwagikia mtoto, maji ya bomba ya kawaida dakika 20, dawa ya meno usiweke. Asubuhi njoo mapema, maana jeraha linaloshonwa linatakiwa kushonwa ndani ya masaa machache, na uulize sindano ya pepopunda hata kama jeraha ni la msumari tu.