Kuchagua Swichi ya Kubonyeza na Kuongea kwa Hedseti za Redio za Medani

Mtu anaponiuliza anunue swichi gani ya kubonyeza na kuongea, yaani kile kisanduku chenye kitufe cha kurushia kinachounganisha hedseti na redio, nami humuuliza kwanza hedseti yake ina maikrofoni ya aina gani, na mara nyingi swali hilo humshangaza, kwa kuwa alikwisha kuchagua kwa kutazama ukubwa wa kitufe na rangi ya kisanduku. Kitufe nitakifikia, lakini hakina faida yoyote ikiwa hedseti na redio haziafikiani kiumeme.

Maikrofoni zinazotumika katika hedseti hizi ni za aina kuu mbili. Ya elektreti huhitaji volti chache kutoka kwenye redio ndipo ifanye kazi, na redio nyingi za kiraia za mkononi zimeundwa zikitarajia aina hiyo. Ya dainamiki haihitaji kulishwa umeme, ila mawimbi inayotoa ni hafifu sana. Ile ya M-87 ya jeshi la Marekani, kwa mfano, ina impidansi, yaani ukinzani wake kwa umeme wa mawimbi ya sauti, ya omu 5 tu. Ukiunganisha maikrofoni ya namna hiyo na redio ya kiraia kupitia swichi isiyo na kikuza sauti ndani yake, taa ya kurushia itawaka na masafa yatashikwa kama kawaida, lakini msikilizaji wa upande wa pili atasikia kimya au mnong'ono. Kwa sababu hiyo zipo swichi zenye kikuza sauti kidogo, kinachotumia volti zilezile ambazo redio ingeilisha elektreti. Spika za masikioni nazo zina suala lake: zile zenye impidansi ya mamia ya omu husikika kwa sauti ya chini zinapofungwa kwenye redio iliyoundwa kwa spika ya omu 8.

Plagi haitoi hakikisho. Plagi ya NATO yenye kipenyo cha milimita 7.1 na sehemu 4 za mguso huingia vizuri katika swichi nyingi, lakini mpangilio wa nyaya zilizomo hutofautiana baina ya hedseti za kijeshi na baadhi ya zile za kiraia, na watengenezaji wachache tu hujali kuuandika kwenye boksi, jambo linaloniudhi kila mara. Omba mchoro wa nyaya kabla ya kulipa. Upande wa redio ni rahisi zaidi, kwa sababu plagi pacha za mtindo wa redio za kampuni ya Kenwood, yaani ya milimita 3.5 na ya milimita 2.5, hutambulika kwa macho. Mimi hupendelea swichi ambayo waya wake wa redio unachomoka, ili redio ikibadilishwa usilazimike kununua kifaa kizima upya.

Sasa kitufe. Kiwe kikubwa kiasi cha kubonyezwa na mkono uliovaa glavu, lakini kizungukwe na ukingo ulioinuka, kwa kuwa kitufe kikibanwa na mkanda wa begi kitarusha mfululizo, na katika masafa ya pamoja mtu mmoja anayerusha bila kujua huwazibia njia wenzake wote. Redio nyingi zina kipima muda kinachokata urushaji uliozidi, kiwashe. Mbonyezo uhisike wazi kidoleni, maana aliyeziba masikio kwa hedseti ya kinga hawezi kutegemea mlio wake. Swichi ikae kifuani, mahali panapofikiwa na mkono usioshika silaha au kifaa kikuu cha kazi.

Kiwango cha IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba kifaa huhimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Uliza kama kipimo hicho kinahusu pia tundu la plagi. Swichi zisizo na waya huondoa usumbufu wa nyaya, lakini huongeza betri ya kuchaji na huweza kuchelewesha sauti, hivyo sizipendekezi ziwe njia pekee. Kwa anayebeba redio mbili, vitufe vitofautiane kwa kuguswa, na kila redio isikike katika sikio lake, moja kushoto na nyingine kulia.

Kabla ya kuikubali swichi, ijaribu redio ikiwa katika nguvu yake ya juu, waya ukipita karibu na antena, huku mwenzako akisikiliza kwa redio nyingine. Akisikia mvumo unaoanza na kukoma pamoja na kitufe, mawimbi ya redio yenyewe yanaingia kwenye waya wa maikrofoni. Uhamishe waya mbali na antena, na mvumo ukiendelea, irudishe dukani.