Je, wajua kwa nini maonyesho ya historia ya haki za kiraia huwa gizagiza?

Ingia chumba cha maonyesho cha maktaba ya chuo kikuu Marekani, wakati inapoonyeshwa historia ya Weusi waliodai haki zao, utadhani Luku imeisha. Mapazia yameshushwa, taa zimefifia. Si kwa ajili ya majonzi. Kinachohofiwa ni karatasi kuharibika.

Vuguvugu lile liliendeshwa kwa karatasi za bei rahisi. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa mjini Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Usiku huohuo mwalimu Jo Ann Robinson alikwenda chuoni kwake, Alabama State College, akakesha na mwenzake na wanafunzi wawili wakichapa kwa stensili (ile ile iliyotutolea mitihani shuleni) makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kugomea mabasi. Tangazo walilibana mara tatu kwenye ukurasa mmoja, kisha wakakata. Kipeperushi kilitakiwa kidumu hadi Jumatatu, siku ya kuanza mgomo, basi. Nani angewaza kabati la kioo?

Karatasi duni, hasa ya gazeti, hutokana na mbao iliyosagwa. Ikipigwa na mwanga hugeuka rangi ya chai, kisha huvunjika kama biskuti. Na hasara hiyo hairudi nyuma: kanga iliyopauka juani, hata uifungie sandukuni mwaka mzima, haikolei tena.

Ndiyo maana wahifadhi huupima mwanga kama dawa. Kiwango chao cha kawaida kwa karatasi ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ikionyeshwa hivyo saa 8 kwa siku, siku 90, itakuwa imekula mwanga sawa na wa dakika 22 kwenye jua kali la luksi 100,000. Dakika 22! Baada ya hapo inarudi gizani, inatolewa nyingine.

Maktaba ya Robert W. Woodruff, Atlanta, inayotunza karatasi za Martin Luther King zipatazo 10,000 zilizonunuliwa mwaka 2006 kwa dola milioni 32, ina cha kubadilisha. Chuo chenye kipeperushi kimoja huweka nakala, na kwangu hilo si aibu, mradi kibao kiseme ni nakala.

Tatizo linabaki kwenye vibao vyenyewe: wabunifu wengi hupenda herufi ndogo za kupendeza. Kwenye giza lile zinatakiwa nene, nyeusi, juu ya ubao usiong'aa, kwani anayeinama kusoma huenda ndiye aliyetembea kwa miguu siku zote 381 za mgomo.