CHP akibisha hodi mfungulie, na karatasi yake ya rufaa uifuate

Tarehe 5 Desemba inakaribia, siku ya kimataifa ya watu wanaojitolea ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 1985, na ofisi yetu itawapa vyeti baadhi ya wahudumu wa afya ya jamii, hawa mnaowaita CHP. Ni haki yao kabisa. Lakini malalamiko yanayofika kwangu siku hizi yanatoka pande zote mbili: wananchi wanasema CHP ana maswali mengi, naye CHP anasema ameenda boma moja mara tatu na kila mara mtoto anatumwa nje aseme mama hayuko, na mama mwenyewe anasikika akikohoa huko ndani. Sasa naomba tuongee.

Kuna watu wananiambia "si hao wanalipwa". Wengi wao walianza wakiitwa CHV, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea, wakatembea miaka na miaka bila senti. Septemba 2023 ndio Rais Ruto alizindua zaidi ya 100,000 kwa nchi nzima pale Uhuru Park, wakapewa mikoba ya vifaa na simu, na marupurupu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Piga hesabu mwenyewe: nyumba 100 hivi, matope, Jumapili, na saa nane usiku mama ameshikwa na uchungu jirani anabisha kwa CHP kwanza. Elfu tano hailipi hiyo kazi. Bado wanajitolea, na mimi nawaheshimu sana.

Juzi nilifuatana na CHP mmoja, mama mtu mzima. Tukaingia nyumba moja akanawa mikono, akashika mkono wa kushoto wa mtoto, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, akazungusha ule utepe wa kupima unene wa mkono. Ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Mama mtoto akasema "huyu ni mwembamba tu kama babake." CHP hakubishana naye, alikaa kwa kibao akangoja sufuria ishuke motoni, akaandika rufaa, halafu akamwambia twende basi nikusindikize. Wakaenda kwa mguu mpaka dispensari, mtoto mgongoni.

Hiyo karatasi ni fomu MOH 100. Ina sehemu A, hiyo CHP anajaza, na sehemu B ambayo inajazwa kituoni kisha inarudishwa kwa CHP ili ajue mgonjwa amepewa nini na amfuatilie nyumbani. Ukiiweka chini ya godoro, CHP hajui kama ulifika, sisi hatujui, na mtoto ndiye anaumia.

Kuhusu malaria, hasa huku kwetu upande wa ziwa, CHP anadunga kidole, anangoja dakika 15 hadi 20 anasoma kipimo. Ikiwa ipo na hakuna dalili za hatari anatoa AL, dawa ya malaria, dozi ya kwanza sasa hivi, ya pili baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi 6, na unameza ukiwa umekula. Kama kipimo kinasema hakuna malaria HAPEWI dawa za malaria, anatumwa kituoni atafutiwe kinachomsumbua, na tafadhali msimtukane kwa hilo, dawa ya malaria kwa mtu asiye na malaria itamsaidia nini jameni? Na hapana, kile kipimo hakipimi ukimwi kisiri, hakiwezi. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, huyo msimngojee CHP, kimbizeni hospitali.

Maswali ya choo, maji, mimba na chanjo anayaingiza kwa simu, kwa programu ya eCHIS, ndio tujue chanjo ipelekwe wapi. Siri zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayevunja hiyo sheria anaweza kupigwa faini hadi shilingi milioni 3 au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Hilo CHP wetu wanaelezwa kabla hawajashika simu. Dawa za mkoba haziuzwi pia, ukiombwa pesa usimalizie hasira kwa majirani, nenda kwa CHA, yaani afisa wa afya ya jamii anayemsimamia, asiposhughulikia mwone msimamizi wa dispensari, kisha ofisi ya afya ya kaunti ndogo, ukiwa na tarehe na jina la kijiji. Tutafuatilia kwa utaratibu, hatuwezi kumhukumu mtu kwa uvumi.

Na kama miezi mitatu imepita hujaona CHP mlangoni kwako, pitia dispensari ya karibu, ulizia CHA, mwambie kijiji chako na jina la mzee wa mtaa. Inawezekana nyumba yako haijaandikishwa.